Hati ya Kushindwa: Usuluhishi wa Kikristo wa Migogoro ya Ndoa na Nafasi Yake katika Sheria ya Tanzania, kwa Kurejelea Kata ya Utemini, Singida

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya usuluhishi wa migogoro ya ndoa unaofanywa na makanisa nchini Tanzania, yakiitazama kutoka Kata ya Utemini katika Manispaa ya Singida. Hoja kuu ni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyapa mabaraza ya kidini wajibu mzito bila kuyapa mamlaka ya kuamua. Baraza likifaulu kuwapatanisha wanandoa, mahakama haihusiki. Likishindwa, hati yake ya kushindwa huwa sharti la kufunguliwa kwa shauri la talaka. Kwa hiyo tendo la baraza lenye uzito mkubwa kisheria ni kukiri kwamba limeshindwa, jambo ambalo mafundisho ya kanisa yanalifanya gumu kutamkwa. Makala yanaonesha namna mpangilio huo ulivyojengeka na athari zake kwa mwanandoa anayetafuta haki.

1.0 Utangulizi

Jina la Utemini limejengwa juu ya neno utemi, yaani mamlaka na cheo cha mtemi. Leo mamlaka hayo hayapo tena kisheria, lakini swali lililokuwa likipelekwa barazani kwa mtemi bado lipo: pale mume na mke wanapogombana hata nyumba ikaelekea kuvunjika, ni nani mwenye haki ya kusikiliza, na neno lake lina nguvu gani? Mkristo anayeishi katika kata hii ana milango kadhaa mbele yake. Upo mlango wa wazazi na ukoo, ambao mara nyingi ndio waliopokea au kutoa mahari. Upo mlango wa wazee wa kanisa au viongozi wa jumuiya. Lipo Baraza la Usuluhishi wa Ndoa ambalo sheria inaagiza liwepo katika kila kata. Mwisho ipo mahakama.

Maandishi mengi ya kisheria yanaanza kuitazama safari hii kutoka mwisho wake, yaani mahakamani, na kuyachukulia mabaraza kuwa hatua ya awali tu. Maandishi ya kichungaji nayo hukomea kwenye mlango wa kanisa, kana kwamba mahakama haipo. Makala haya yanasimama katikati, mahali ambapo karatasi moja hutoka mikononi mwa wazee wa kanisa na kuingia katika jalada la hakimu. Kata imechaguliwa kuwa ngazi ya uchambuzi kwa sababu ndiyo ngazi ambayo sheria yenyewe iliichagua kuweka baraza, na kwa sababu huko ndiko sheria, mila na imani hukutana katika maisha ya watu walewale.

2.0 Istilahi: upatanishi, usuluhishi na uamuzi

Mjadala wa suala hili unatatizwa na matumizi ya neno usuluhishi kwa mambo mawili yaliyo tofauti. Katika matumizi ya kwanza, msuluhishi ni mtu anayewasaidia wagombanao kufikia mapatano yao wenyewe. Wasipopatana, hana la kuwalazimisha. Katika matumizi ya pili, msuluhishi ni mtu aliyeteuliwa na pande zote mbili ili akate shauri, na uamuzi wake huwafunga. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1931, inahusu maana hii ya pili. Kwa upande wa migogoro ya kazi, jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi linazitenganisha dhana hizo waziwazi: kwanza pande mbili husuluhishwa, na suluhu ikikosekana ndipo huja uamuzi.

Katika makala haya, usuluhishi unatumika kwa maana ya kwanza na uamuzi kwa maana ya pili. Neno upatanishi linatumika pale ambapo lengo si kumaliza ugomvi tu bali kurejesha uhusiano. Tofauti hizi ni za msingi kwa sababu mapokeo ya Kikristo yanazibeba zote tatu kwa pamoja. Mafundisho yanayotokana na sura ya 18 ya Injili ya Mathayo yanaweka ngazi: aliyekosewa huanza kwa kumwendea mkosaji faraghani, kisha huenda na mashahidi wachache, na mwishowe hulipeleka jambo mbele ya kanisa. Hatua mbili za kwanza ni upatanishi. Ya tatu inakaribia uamuzi, kwa kuwa anayelikataa neno la kanisa huhesabiwa kuwa nje ya kundi. Katika sura ya 6 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo anawakemea waamini wanaoshtakiana mbele ya mahakimu wasioamini, akiuliza kama hamna miongoni mwao mwenye hekima ya kukata maneno baina ya ndugu. Hapo dhana ya uamuzi ndiyo inayotangulia. Kanisa lililolelewa na maandiko haya linajiona kuwa na haki ya kusikiliza na ya kuamua. Sheria ya nchi, kama itakavyooneshwa, ilikubali la kwanza tu.

3.0 Misingi ya kihistoria katika Singida

Utafiti wa Harold Schneider miongoni mwa Wanyaturu, uliochapishwa mwaka 1970, unaieleza jamii ambayo haikuwa na dola kuu ya kitemi iliyotawala nchi nzima. Magomvi yalisikilizwa na wazee na majirani waliofahamiana, na ng'ombe wa mahari waliziunganisha koo kwa namna ambayo kuvunjika kwa ndoa kulikuwa ni jambo la watu wengi kuliko wawili. Usuluhishi katika mazingira hayo ulikuwa na sababu ya kiuchumi iliyoeleweka na wote: ndoa ikifa, mifugo ilibidi ihesabiwe upya.

Utawala wa Waingereza uliuweka utemi katika mfumo wa maandishi. Kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, machifu na watemi walifanywa kuwa ngazi ya serikali. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ikaziweka mahakama zao chini ya usimamizi wa maofisa tawala. Hivyo mtemi, ambaye katika eneo hili hakuwa na mizizi mirefu ya kidola, akawa mwenye baraza lenye karani, daftari na faini.

Sambamba na hayo, makanisa yalijenga mabaraza yao. Wamisionari wa Kikatoliki na wa Kilutheri walikuwa wameingia katika nchi ya Singida na Iramba tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Wajerumani wa Misheni ya Leipzig walipoondolewa kufuatia Vita ya Kwanza ya Dunia, kazi ya Kilutheri ilichukuliwa katika miaka ya 1920 na Wamarekani wa Sinodi ya Augustana. Wazee wa usharika walipewa jukumu la kuonya, kuwaweka waumini chini ya marudi na kuwarudisha kundini. Adhabu yao kubwa ilikuwa kumzuia mtu asiikaribie meza ya Bwana. Kwa muumini adhabu hiyo ilikuwa nzito. Kwa karani wa mtemi haikuwa na maana yoyote.

Matokeo yake yalikuwa ni mgawanyiko ndani ya ndoa ileile. Kifungo cha ndoa iliyofungwa kanisani kilisimamiwa na sheria iliyoandikwa, lakini mahari na urithi wa wanandoa haohao viliendelea kwa sehemu kubwa kuamuliwa kwa mila. Mzee wa kanisa aliweza kumhimiza mke arudi kwa mumewe, lakini hakuweza kuamuru juu ya ng'ombe. Mtemi aliweza kuamuru juu ya ng'ombe, lakini hakuwa na la kusema juu ya sakramenti.

Uhuru ulibomoa upande mmoja wa mpangilio huo. Mwaka 1963 nyadhifa za kichifu zilifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja ambao ngazi yake ya chini ni mahakama ya mwanzo. Mwaka huohuo kanuni za mila za makabila ya ukoo wa kiume zilitangazwa kwa maandishi. Mabaraza ya kanisa, hata hivyo, hayakuguswa, yaliimarika. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, na Dayosisi yake ya Kati ina makao yake makuu mjini Singida. Jimbo Katoliki la Singida lilianzishwa tarehe 25 Machi 1972, Bernard Mabula akiwa askofu wake wa kwanza. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, zilishusha usuluhishi hadi ngazi ya nyumba chache zinazopakana, karibu sawa na ngazi ya balozi wa nyumba kumi. Mtemi aliondoka, wazee wa kanisa wakabaki.

4.0 Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971

Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Ilitanguliwa na mapendekezo ya Serikali katika Waraka Na. 1 wa mwaka 1969, na iliazima mengi kutoka katika ripoti ya tume ya Kenya ya mwaka 1968 iliyoongozwa na Jaji Spry. Kenya yenyewe haikuipitisha rasimu hiyo wakati ule. Shabaha ya Tanzania ilikuwa kuweka sheria moja kwa ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, na moja ya nguzo za umoja huo ilikuwa usuluhishi wa lazima.

Kifungu cha 101 kinamzuia mtu kufungua shauri la talaka kabla hajapeleka tatizo la ndoa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na kabla Baraza hilo halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Isipokuwa zimetajwa: mathalani mwanandoa ametelekezwa na hajui aliko mwenzake, mwenzake amekataa kwa makusudi kufika mbele ya Baraza, au kuna mazingira ya pekee yanayofanya jambo hilo lisiwezekane. Kifungu cha 102 kinamtaka Waziri aunde Baraza katika kila kata. Kifungu hichohicho kinamruhusu, akiridhika kwamba jumuiya fulani imejiundia chombo cha kufanya kazi hiyo, akiteue chombo hicho kuwa Baraza kwa ajili ya watu wa jumuiya hiyo. Hapa ndipo vyombo vya kidini, vya Kiislamu na vya Kikristo, vilipoingia katika muundo wa sheria. Kifungu cha 103 kinataka Baraza liwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kifungu cha 104 kinazuia uwakilishi wa mawakili. Utaratibu wa kina uliwekwa kwa kanuni zilizotangazwa mwaka huohuo wa 1971.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, chombo cha kanisa huwa Baraza kwa uteuzi wa Waziri. Hakiwi Baraza kwa sababu tu kina wazee wenye hekima. Pili, Baraza halikupewa uwezo wa kuvunja ndoa, kugawa mali wala kuamua malezi ya watoto. Linaweza kuambatanisha mapendekezo na hati yake, lakini uamuzi ni wa mahakama. Mtungasheria aliichukua hekima ya wazee na kuiacha hukumu yao.

5.0 Hati na uzito wake

Utaratibu huo unazaa hali isiyo ya kawaida. Wanandoa wakipatana mbele ya wazee, wanarudi nyumbani, na kwa upande wa sheria hakuna kilichotokea. Hakuna jalada linalofunguliwa wala mahakama inayojulishwa. Wasipopatana, hati inaandikwa, na kwa mujibu wa kifungu cha 106 hati hiyo lazima iambatane na shauri la talaka, tena iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Kwa mtafiti wa historia, maana yake ni kwamba kumbukumbu za mahakama zinahifadhi kushindwa kwa mabaraza na kuficha kufaulu kwao. Hoja yoyote inayopima thamani ya mabaraza ya kanisa kwa majalada ya talaka pekee imepotoka tangu mwanzo, sawa na mtu anayepima kazi ya mganga kwa kuhesabu makaburi.

Kwa mwanandoa, suala hili lina uzito wa aina nyingine. Tuchukulie mke Mkristo wa Utemini ambaye hana tena tumaini la ndoa yake. Ili afike mbele ya hakimu, anahitaji kauli ya maandishi kutoka kwa watu ambao imani yao inawataka wasikate tamaa. Katika Kanisa Katoliki, ndoa halali ya wabatizwa iliyokamilishwa kwa tendo la ndoa haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu. Katika makanisa ya Kiprotestanti talaka huhesabiwa kuwa anguko hata pale inapokubalika. Mzee wa kanisa anayetia sahihi hati anaweza kuhisi kwamba ametia sahihi talaka yenyewe. Njia rahisi kwake ni kuahirisha: waombe kwanza, wakutane tena baada ya mavuno. Kuahirisha huko kunaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini kila kikao kinachoongezwa bila hati ni siku ambayo mlango wa mahakama unabaki umefungwa.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi palipo na kipigo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinatamka kwamba mwanandoa hana haki ya kumpiga mwenzake, na ukatili ni miongoni mwa ushahidi ambao mahakama inaweza kuuzingatia katika kuamua kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Baraza linalomsihi aliyepigwa asamehe bila kumtaka mpigaji awajibike halijasuluhisha. Limeupeleka ugomvi nyumbani kwa mara nyingine. Ikumbukwe pia kwamba sharti la kifungu cha 101 linahusu talaka. Amri ya mtengano wa kisheria inaombwa chini ya kifungu cha 99 bila kufungwa na sharti hilo, na kosa la jinai la kumshambulia mtu halihitaji hati ya baraza lolote ili lifikishwe polisi. Wazee wanaolijua hilo wanaweza kumlinda mtu na bado wakaendelea kuiombea ndoa yake.

6.0 Mtazamo wa mahakama

Mahakama zimelichukua sharti la hati kwa uzito. Katika Rufaa ya Madai Na. 246 ya mwaka 2019, iliyoamuliwa mwaka 2020 kutoka Mtwara, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kufuata kifungu cha 101 ni lazima isipokuwa pale penye mazingira ya pekee, na kwamba shauri lililofunguliwa bila hati halali limefunguliwa kabla ya wakati wake. Ingawa rufaa hiyo haikuhusu ndoa ya Kikristo, kanuni yake inazigusa ndoa zote. Athari yake ni kubwa: shauri likibatilishwa, na amri zilizotolewa juu ya mali na watoto huanguka pamoja nalo.

Hapa ndipo kasoro ndogo ya wazee inapogeuka hasara kubwa ya mwanandoa. Barua ya mchungaji inayosema tu kwamba wahusika "wameshindwana" inaweza kukosa sifa ya hati. Kikao cha mchungaji na mzee mmoja hakitimizi idadi ya wajumbe. Usharika ambao haumo katika chombo kilichoteuliwa na Waziri unaweza kuwa umefanya kazi njema ya kichungaji isiyokuwa na matokeo yoyote kisheria. Aliyefuata njia aliyoelekezwa na kanisa lake hugundua baada ya muda mrefu kwamba anapaswa kuanza upya.

Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoongezwa mwaka 2000, inabeba mvutano huu ndani yake. Inazitaka mahakama zikuze usuluhishi baina ya wenye migogoro, na papo hapo inazitaka zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Kwa mtazamo wa makala haya, kulegeza sharti mahakamani kunatibu tokeo. Chanzo kipo kule hati inakoandikwa, na huko ndiko marekebisho yanakohitajika zaidi.

7.0 Ulinganisho mfupi

Nafasi ya Tanzania inaonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na nchi nyingine. Nchini Marekani, harakati za usuluhishi wa Kikristo zilizokua tangu mwanzo wa miaka ya 1980, zikiwemo za taasisi ya Peacemaker Ministries iliyoanzishwa mwaka 1982, zilijenga utaratibu ambao Wakristo hukubaliana kwa mkataba kupeleka mgogoro kwa waamuzi wa imani yao. Uamuzi huo unaweza kukaziwa na mahakama kama uamuzi mwingine wowote wa wasuluhishi. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilikwenda upande wa pili: baada ya mjadala mkali, sheria ya mwaka 2006 iliondoa nguvu ya kisheria ya maamuzi ya kifamilia yanayotolewa kwa misingi ya kidini. Tanzania haikukubali kulikazia neno la wazee, wala haikuwafukuza wazee katika mchakato. Iliwaweka mlangoni na kuwapa ufunguo mmoja.

Mkondo huohuo umeonekana karibuni katika ardhi. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia usuluhishi kwa muda wa siku 30, ambapo hati ya kushindwa kusuluhisha ndiyo inayofungua njia ya kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Tofauti iliyopo inafundisha: katika ardhi sheria imeweka ukomo wa siku, ilhali katika ndoa muda wa miezi sita huhesabiwa tangu hati ilipotolewa. Saa ya sheria huanza kwenda baada ya wazee kukubali kuandika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba usuluhishi wa Kikristo wa migogoro ya ndoa katika Singida ulikua ukiwa ndugu wa baraza la mtemi na mzee wa ukoo, kila mmoja akishika sehemu ya ndoa ambayo mwenzake hakuweza kuigusa. Sheria ya mwaka 1971 iliunganisha sehemu hizo mbele ya mahakama na kuyapa mabaraza ya kidini nafasi ya lazima lakini yenye mipaka. Ugumu uliopo unatokana na kwamba kanisa linaombwa litamke kushindwa, neno ambalo halimo katika wito wake.

Njia ya kutoka inapatikana katika kutenganisha matendo mawili ambayo wazee wengi wanaweza kuyachanganya. Hati ya Baraza haisemi kwamba ndoa imekufa wala kwamba kanisa limebariki talaka. Inasema kwamba watu hawa, mbele ya wajumbe hawa, katika tarehe hii, hawakupatana. Hiyo ni kauli ya ukweli, na mzee wa kanisa anaweza kuitia sahihi bila kuisaliti imani yake. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba makanisa yahakikishe vyombo vyao vimeteuliwa ipasavyo, wajumbe wafundishwe namna ya kuijaza hati, na sheria iweke ukomo wa muda ambao Baraza linaweza kukaa na shauri la ndoa, kama ilivyofanyika katika ardhi. Mamlaka ya mtemi yalipimwa kwa uwezo wake wa kukata shauri. Mamlaka ya wazee wa leo katika kata iliyorithi jina lake yanapaswa kupimwa pia kwa utayari wao wa kumwachia mtu aende kutafuta haki pale maneno yao yanapofika mwisho.